Bango ukutani halitoshi, elimu ya afya nayo ipimwe

Mama mjamzito wa Kitomanga, kwenye barabara kuu itokayo Kilwa kwenda Lindi, hupata elimu ya afya hata asipoitafuta. Asubuhi redio inamkumbusha chandarua. Akifika kliniki anakuta mabango ukutani, na kabla ya kupimwa uzito muuguzi anazungumza na kina mama wote kwa pamoja kuhusu lishe. Mchana gari la matangazo linapita likihimiza chanjo. Jioni jirani anamsikilizisha sauti iliyotumwa WhatsApp, ya mtu asiyejulikana jina wala kazi, anayeeleza kwa uhakika mkubwa namna ya kumkinga mtoto na kila homa.

Wote hao wanamwelimisha, au wanasema hivyo. Nami nimo kwenye orodha hiyo, maana kila wiki naandika hapa. Swali ambalo hatuulizwi mara kwa mara ni dogo tu: nani amepima kama maneno yetu yanamsaidia huyu mama na mtoto wake?

Kidonge hakiruhusiwi kuuzwa nchini mpaka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ikikague na kukisajili. Maneno hayasajiliwi, na sitamani siku hiyo ifike. Lakini maneno nayo yana madhara, na mengine muda wake wa matumizi ulikwisha zamani. Mzazi aliyeshauriwa vibaya usiku wa leo anaweza kufika hospitali keshokutwa akiwa amechelewa. Kwa hiyo wiki hii tuangalie jinsi elimu ya afya inavyopimwa, kwa mifano iliyofanyika hapa kwetu, mmoja wao katika vijiji vya Lindi na Mtwara.

Waliofikiwa na walioelewa

Ukisoma taarifa ya kampeni nyingi za afya, neno utakalokutana nalo kwanza ni "wamefikiwa". Watu elfu kadhaa wamefikiwa, mabango mia kadhaa yamebandikwa, fulana na kanga zimegawiwa. Hesabu hizo si za uongo, ila zinatuambia kazi aliyofanya mtoa elimu. Kuhusu aliyepewa elimu hazisemi chochote.

Katika kituo kimoja cha pwani yetu niliwahi kusimama na bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kliniki. Mbele yetu kulikuwa na bango lenye picha ya mtoto ananyonya chupa, na juu ya picha alama kubwa ya mkasi, nyekundu, ya kukataza.

"Bibi, hapa wanasema nini?" nikamuuliza.

"Mwanangu, naona mtoto ananyonya chupa. Tazama mashavu yake, ana afya huyo."

"Na hizi alama nyekundu?"

"Fimbo mbili zimepishana. Labda wamechapa vibaya."

Bibi yule hakukosea. Hakwenda shule, hivyo alama ya kosa aliyoizoea mwalimu kwake ni mistari tu, na aliyechora bango alimnenepesha mtoto ambaye alitakiwa kutuonya naye. Kama mchoraji angekaa na kina bibi 10 wa kijijini kabla ya kwenda kiwandani kuchapa, angeliona hilo kwa asubuhi moja. Wataalamu wanaita kazi hiyo majaribio ya awali, na ndiyo sehemu ya kwanza kukatwa bajeti inapobana.

Wenzetu Marekani wana kipimo cha vipeperushi na video za wagonjwa kiitwacho PEMAT, kilichotolewa mwaka 2013. Kina maswali mengi, lakini yote yanarudi kwenye mambo mawili: je, mtu wa kawaida anaelewa, na je, akishaelewa anajua afanye nini? La pili ndilo linalotushinda zaidi. "Zingatia lishe bora" inaeleweka, lakini mama akitoka kliniki anafanya nini tofauti akiwa jikoni kwake, na muhogo na dagaa alivyonavyo? Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, ilijaribu kuziba pengo hilo kwa ujumbe mfupi wa simu usiolipiwa kupitia namba 15001, ujumbe uliofuata umri wa mimba au wa mtoto. Mama wa miezi 4 hakupelekewa habari za mama wa miezi 8. Jambo dogo, lakini wengi wetu kliniki hatulifanyi, tunawahubiria wote kwa pamoja.

Dodoma iliyosubiri

Tuseme watu wameelewa na wanajua la kufanya. Tutajuaje kama wamebadilika kwa sababu ya elimu yetu, na si kwa sababu nyingine?

Wasomaji wa rika langu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori katika mchezo wa redio Twende na Wakati, mwenye wanawake kila kituo cha safari yake, na mkewe Tunu aliyevumilia mpaka akachoka. Mchezo ulianza mwaka 1993 Redio Tanzania. Tulikusanyika kuusikiliza, na Mkwaju alipougua UKIMWI watu walizungumza habari zake kama za jirani.

Jambo ambalo wasikilizaji wengi hawakulijua ni kwamba kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo huo haukurushwa na kituo cha Dodoma. Huko walisikia vipindi vingine saa hiyo. Ilikuwa makusudi. Miaka hiyo UKIMWI ulikuwa unazungumzwa kila mahali, misikitini, makanisani, shuleni na kwenye misiba. Watu wangebadilika kwa kiasi fulani hata bila Mkwaju. Bila eneo la kulinganisha, watayarishaji wangejipa sifa ya mabadiliko yote. Watafiti walipolinganisha Dodoma na mikoa iliyosikiliza, wakaona matumizi ya uzazi wa mpango na kinga dhidi ya virusi yameongezeka zaidi kwa waliosikiliza. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikarushiwa mchezo, na mabadiliko yakafuata.

Kuna ubishi wake, na ni halali. Sehemu kubwa ya majibu yalikuwa ya watu kueleza tabia zao wenyewe, na sote tunajua mtu anavyomjibu mgeni mwenye karatasi akimuuliza habari za chumbani. Hata hivyo, karibu miaka 30 baadaye bado naona kampeni zinazogharimu fedha nyingi kuliko mchezo ule, ambazo hazina Dodoma yake. Zinapima kabla na baada, tena kwa watu walewale waliokuja mkutanoni, kisha zinapiga makofi.

Mwanza: vijana walijua

Mfano wa pili unatoka Kanda ya Ziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkoani Mwanza ulianza mpango wa MEMA kwa Vijana. Jamii 20 za vijijini zilishiriki, 10 zikapata mpango na 10 zikabaki za kulinganisha, kwa kura. Wanafunzi wa darasa la 5 hadi la 7 walifundishwa elimu ya afya ya uzazi na walimu wao wakisaidiwa na vijana wenzao, wahudumu wa zahanati wakafundishwa kuwapokea vijana bila kuwagombeza, na jamii ikahamasishwa. Vijana 9,645 walifuatiliwa.

Watafiti hawa hawakuishia kuuliza maswali. Walipima damu. Matokeo yakawa kwamba ujuzi wa vijana ulipanda waziwazi na mitazamo yao ikabadilika. Lakini maambukizi ya virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya ngono hayakupungua kwa namna ya kuaminika. Walipowarudia miaka kadhaa baadaye, ujuzi bado ulikuwepo, na maambukizi bado hayakutofautiana.

Mpango ungepimwa kwa mtihani wa karatasi peke yake, leo tungeutaja kama ushindi usio na doa. Binti aliyefundishwa darasani alirudi kwenye kijiji kilekile, kwenye umaskini uleule, na mwanamume mwenye fedha alikuwa bado anamsubiri njiani. Alijua. Kujua hakukumpa nguvu ya kukataa, wala hakukumbadilisha yule mwanamume, ambaye darasani hakuwepo.

Lindi: kina mama walifanya walichoambiwa

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2010 Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake walianza katika wilaya 6 za mikoa ya Lindi na Mtwara mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Lindi Vijijini, ambayo wakati ule Kitomanga ilikuwa ndani yake, ilikuwa mojawapo. Kata zilikuwa 132. Kwa kura, kata 65 zikapata wanawake wa kujitolea kutoka vijijini humohumo, waliofundishwa kumtembelea mjamzito nyumbani kwake mara 3 kabla ya kujifungua na mara 2 katika siku za mwanzo baada ya mtoto kuzaliwa.

Kwa kipimo chochote cha ubora, elimu ile ilikuwa nzuri. Mtoa elimu hakuwa mgeni wa gari jeupe. Alikuwa mwanamke wa kijijini anayejulikana, na alikaa mkekani na mama, mara nyingi pamoja na mkwe au mume. Alitumia picha na mwanasesere kuonyesha namna ya kumfunika mtoto na kumshika. Mambo aliyosisitiza yalikuwa machache na ya kufanyika: jiandae kujifungulia kituoni, anayekuzalisha anawe mikono, mpe mtoto ziwa mapema, usimpe maji wala uji, mweke njiti kifuani apate joto.

Mwaka 2013 watafiti walizunguka kaya zaidi ya 150,000 kuuliza yaliyotokea. Kina mama wa kata zenye wajitolea walikuwa wamebadilika kweli. Waliompa mtoto maziwa ya mama pekee katika siku 3 za mwanzo walikuwa takriban 9 kati ya 10, wakati katika kata nyingine walikuwa takriban 8 kati ya 10. Wengi zaidi walinyonyesha mapema baada ya kujifungua. Waliojifungulia nyumbani walikuwa na uwezekano zaidi wa kuhudumiwa na mtu aliyenawa mikono.

Halafu wakahesabu vifo vya watoto ndani ya siku 28 za mwanzo. Kati ya kata zilizopata wajitolea na zile zisizopata, havikutofautiana.

Naomba mzazi anayesoma asipite haraka hapo, kwa sababu matokeo haya yanagusa jambo ambalo kina mama wa Lindi wamekuwa wakitupiwa miaka mingi. Mtoto akifa, maneno ya kwanza kwenye vikao vyetu huwa "elimu bado ndogo". Mama alichelewa, mama hakujua, bibi alimzuia. Sasa hapa elimu ilipelekwa hadi mlangoni, ikapokelewa, na kina mama wakatenda. Vifo havikusogea.

Kwa nini? Jambo moja lililojitokeza ni kwamba kujifungulia kituoni kuliongezeka sana katika miaka ile kwenye kata zote, zenye wajitolea na zisizo nao. Wanawake wa kusini walikuwa tayari wameitikia wito. Na watoto wachanga wengi hufa kwa sababu 3: kuzaliwa kabla ya wakati, kushindwa kupumua wakati wa kuzaliwa, na maambukizi makali. Usafi, ziwa la mapema na joto la kifua cha mama vinasaidia, na ningemshauri kila mama hivyo leo hii. Lakini mtoto asiyepumua saa 8 usiku anahitaji mkunga aliye macho, mwenye kipumulio cha mkono na barakoa inayomtosha, na mazoezi ya kukitumia. Hilo mama hawezi kulifanya, hata aelimishwe vipi.

Watafiti wenyewe walielekeza kidole huko, kwenye ubora wa huduma ndani ya vituo. Kwangu mimi hii ni moja ya kazi zenye manufaa makubwa zilizowahi kufanyika katika mkoa huu, ingawa kwa lugha ya vikao mtu angeweza kusema imeshindwa. Ilipimwa kwa uaminifu, na ilipopimwa sehemu ya mzigo ikaondoka begani kwa mama na kuwekwa mahali pake, kwetu sisi wenye makoti meupe.

Wakunga nao hufundishwa, nao wapimwe

Kufundisha watumishi nako ni elimu ya afya, na nako kuna mitego ileile. Kuanzia mwaka 2009 hospitali 8 za Tanzania zilijaribu mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua katika dakika ya kwanza ya maisha. Baada ya mafunzo walifuatilia watoto zaidi ya 78,000. Ikilinganishwa na kabla ya mafunzo, vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilikuwa vimepungua kwa asilimia 47. Ni ulinganisho wa kabla na baada, kwa hiyo una udhaifu niliousema kuhusu kampeni, lakini waliohesabiwa ni watoto wenyewe, na tofauti ni kubwa.

Yaliyotokea Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, yanafundisha zaidi. Baada ya mafunzo ya siku moja, wahudumu waliwahudumia wanasesere vizuri zaidi kuliko awali. Wodini, mbele ya watoto halisi, utendaji haukubadilika. Wangeishia kwenye mtihani wa mwanasesere, vyeti vingetolewa na mambo yangeisha. Hawakuishia hapo. Walibadilisha mtindo, wakaanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, dakika chache tu, hukohuko kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka.

Semina ya siku moja hotelini, yenye posho na chai ya saa 4, nimehudhuria nyingi. Sijawahi kurudiwa wodini baada ya miezi 3 kuulizwa kama mkono wangu unafanya kitu tofauti.

Swali la Uganda: ukilinganisha na nini?

Mpaka hapa nimezungumzia wanaotoa elimu. Mzazi naye, aliyeshika simu saa 3 usiku na mtoto analia, anaweza kupima? Wenzetu wa Uganda wamejaribu kumfundisha.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao walitengeneza vitabu vya shule ya msingi vinavyofundisha watoto namna ya kuchuja madai kuhusu tiba. Shule 120 zilishiriki, kwa kura tena. Mwisho wa mafunzo, watoto 69 kati ya kila 100 walifaulu mtihani wa kuchuja madai katika shule zilizopata vitabu. Katika shule nyingine walifaulu 27. Wazazi nao walitengenezewa vipindi vya sauti vya kusikiliza, huku wazazi wa kundi la kulinganisha wakisikilizishwa matangazo ya kawaida ya afya. Walifaulu 71 kati ya 100 waliosikiliza vipindi, dhidi ya 38.

Baada ya mwaka mmoja watoto walikuwa bado mbele. Kwa wazazi tofauti ilikuwa imefifia sana. Sishangai. Mtoto alipata masomo ya muhula mzima na mwalimu, mzazi alisikiliza vipindi vichache katikati ya shughuli zake.

Vilichofundisha ni vitu vya kawaida kabisa. Kwamba tiba yoyote inaweza kuwa na madhara pamoja na faida. Kwamba kitu kuwa cha asili, cha zamani au cha bei ghali hakukifanyi kuwa salama. Kwamba anayekisifia anaweza kuwa ndiye anayekiuza. Na hasa kwamba "fulani alitumia akapona" haitoshi, kwa sababu hatujui angekuwaje kama asingetumia. Mwaka 2011 magari yalipojipanga kwa kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500, vyombo vya habari vilijaa ushuhuda wa namna hiyo tu. Wagonjwa wangu wa kisukari na wa virusi vya UKIMWI hawakuwa wajinga. Walisikia mashahidi mia, na hakuna aliyewaambia kwamba mashahidi mia bila kundi la kulinganisha ni sawa na shahidi mmoja mwenye sauti kubwa.

Tujaribu na manjano

Chukua ushauri ambao mzazi wa pwani ameusikia kutoka kwa jirani, kwenye simu, na pengine hata kutoka kwa mhudumu: mtoto mchanga akiwa na manjano, mwanike kwenye jua la asubuhi, yataondoka.

Uweke kwenye mizani tuliyoijenga. Unaeleweka? Sana. Unasema la kufanya? Ndiyo, tena bila gharama. Ungefaulu kipimo cha vipeperushi bila taabu. Sasa uliza swali la Uganda. Watoto wengi, zaidi ya nusu, hupata manjano kidogo katika wiki ya kwanza, na wengi wao hupona wenyewe. Kwa hiyo kati ya watoto 10 walioanikwa, wengi watapona, na mama zao watashuhudia kwa moyo mweupe kwamba jua limewaponya. Wangepona hata kivulini.

Anayeumia ni yule mmoja ambaye manjano yake yanapanda. Wakati anaanikwa siku ya tatu, ya nne, ya tano, sumu ya manjano inaweza kufika kwenye ubongo, na akiishi anaweza kubaki kiziwi au asiyeweza kukaa wala kutembea. Hospitali tuna taa maalumu za mwanga wa buluu ambazo huzuia hali hiyo zikiwahiwa. Jua la uani halina kipimo, na linaweza kumchoma au kumpandisha joto mtoto.

Nimewahi kumpokea binti wa miaka 19 na mtoto wa siku 9, macho manjano kama ua la alizeti. "Shikamoo daktari," akasema, "nimemwanika kila siku kama walivyosema, sijaruka hata siku moja." Alikuwa ameitii elimu aliyopewa kikamilifu. Elimu yenyewe ndiyo iliyokuwa na tundu: haikumwambia lini asiendelee kusubiri.

Basi na niseme mimi. Mtoto mwenye manjano ndani ya saa 24 za kwanza aende hospitali siku hiyohiyo. Mwenye viganja au nyayo za manjano, umri wowote, aende. Mwenye manjano ambaye hanyonyi vizuri, analegea, ana usingizi usio wa kawaida au ana homa, aende, hata kama ni usiku. Yakipita siku 14 hayajaondoka, au choo chake ni cheupe kama chokaa, aende akapimwe. Kwa ngozi zetu nyeusi usitazame shavu. Mtazame mchana kwenye mwanga, kwenye macho, fizi, viganja na nyayo. Na hata bila manjano, mtoto mchanga anayeacha kunyonya, anayepata degedege, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anayebonyea kifua, mwenye joto la 37.5 na kuendelea au aliyepoa mwili, ni wa kukimbizwa kituoni. Ukiwa na shaka, Wizara ya Afya ina namba 199 ya kupiga bure, lakini usikae ukisubiri simu wakati mtoto amelegea.

Wa kuulizwa wako karibu

Kila zahanati na kituo cha afya cha serikali kina kamati ya usimamizi, na ndani yake wamo wananchi wa kawaida, majirani zako. Wengi hudhani kazi yao ni kujadili choo na paa. Wana haki ya kumuuliza mganga mfawidhi mwezi huu wamezaliwa watoto wangapi, wamekufa wangapi, usiku wa kuamkia Jumapili nani alikuwa zamu, na mara ya mwisho wakunga kufanya mazoezi ya kumpa mtoto pumzi ilikuwa lini. Mganga mzuri hatachukia. Atafurahi, maana majibu hayo ndiyo anayoyahitaji anapoomba vifaa halmashauri.

Kampeni mpya ikifika kijijini, na itafika, msikilizeni mgeni na mpeni kiti. Akimaliza, muulizeni kama mabango yake yalionyeshwa kwa watu wa Lindi kabla ya kuchapwa, ni kitu gani hasa anataka familia zifanye tofauti kuanzia kesho, na atarudi mwezi gani kuhesabu kama watoto wanaougua wamepungua. Kama jibu la swali la mwisho ni kwamba harudi, muombeni namba ya simu ya aliyemtuma.